Kramer na wauguzi wapya wa kwetu: kitabu kinaona nusu

Leo sitasema juu ya mbegu wala mbolea. Miezi miwili hii nilikuwa nasaidia binamu yangu, mwenye anamaliza uuguzi ISTM, kusoma kitabu kimoja cha kiingereza juu ya TFC yake, na kitabu chenyewe kilinikamata. Mwandishi ni Marlene Kramer, Mmarekani, na kilitoka mwaka 1974. Kichwa chake kwa kiswahili tungesema hivi: Mshtuko wa ukweli, na chini yake, kwa nini wauguzi wanaacha uuguzi. Miaka zaidi ya 50 imepita, na bado kila mara mwanafunzi anapoandika juu ya matatizo ya muuguzi mpya kazini, utakuta jina la Kramer katika sura ya nadharia. Mistari minne, mitano, halafu anapita kwenye meza za asilimia. Ni nadra kukuta mwenye anasimama kidogo na kuuliza kama ile nadharia inasema kweli juu ya mutu mwenye anaanza kazi Kalemie, Nyunzu ao Moba.

Mimi nataka kuuliza. Najua ntaambiwa: weye mwagronome unatafuta nini kwa wauguzi? Sawa. Lakini mugonjwa nakuwaga, kama weye. Tena mutu wa inje wakati mwingine anaona mlango kwenye wenye nyumba wamezoea ukuta.

Kwanza tumpe Kramer haki yake. Alifuata wauguzi vijana wa Marekani waliotoka shule na kuingia hospitali, na aliona jambo moja ambalo wengine walilifunika kwa kusema «vijana hawana uvumilivu». Aliona kwamba shule na hospitali hazifundishi kazi moja. Shule inamwambia mwanafunzi: angalia mutu muzima, ongea naye, andika kila kitu, usiruke hatua hata moja. Hospitali inamwambia: una wagonjwa wengi, saa ni chache, maliza. Kijana anafika na roho ya shule, anagongana na roho ya hospitali, na ule mgongano njo Kramer anauita mshtuko. Yeye na wenzake wakapanga hata nyakati zake: mwanzoni fungate, kila kitu kizuri, muuguzi anajivunia blouse nyeupe, halafu mshtuko wenyewe, hasira, kuchoka, kuona kila kitu kibaya, halafu kupona pole pole, mutu anaanza hata kucheka, mwisho anapata njia yake ya kuishi na mambo. Njia hizo si zote nzuri. Wengine wanaacha kazi. Wengine wanakuwa «wenyeji», yaani wanatupa yote ya shule na kufanya kama wa zamani wanavyofanya. Wengine, wale Kramer anawapenda zaidi, wanajifunza kusema lugha zote mbili, ya shule na ya hospitali.

Mwenye amepita staji hapa kwetu atatambua. Shuleni wanakufundisha kunawa mikono mbele na nyuma ya kila mugonjwa. Unafika kwenye kituo, maji ni bidoni moja ya lita 20 kwa siku nzima. Wanakufundisha kuandika fishi ya mugonjwa vizuri. Unafika, fishi ni kipande cha daftari mugonjwa alinunua mwenyewe mlangoni. Hapo Kramer yuko sawa kabisa, na binamu yangu alikuwa anacheka peke yake akisoma kurasa zile. «Huyu mama amefika hapa?» njo aliniuliza.

Hapana, hakufika, na kadiri tulivyoendelea kusoma njo nilivyoona.

Muuguzi wa Kramer ana kazi. Ni kitu kidogo kusema, lakini kitabu kizima kimesimama juu yake. Siku ya kwanza inajulikana, mwajiri anajulikana, mshahara wa mwisho wa mwezi haujadiliwi hata kidogo, ni kama hewa. Kwa hiyo Kramer anaweza kuhesabu: miezi kadhaa ya fungate, miezi kadhaa ya mshtuko. Sasa niambieni, muuguzi wa Kalemie anaanza kuhesabu lini? Siku aliyomaliza masomo? Siku aliyoingia kituoni «kusaidia» bila barua yoyote? Siku alipopata barua ya kupelekwa mahali? Ao siku namba yake ya matrikule ilipotoka Kinshasa, kama ilitoka? Mnajua wenyewe wale tunawaita N.U., watumishi wapya wa serikali wenye wanafanya kazi ya serikali bila kuwa kwenye orodha ya mshahara wa serikali. Neno lenyewe linachekesha: utakuta «mpya» mwenye ana mvi.

Si maneno ya barabarani tu. Mwaka 2017 ulitoka utafiti juu ya mapato ya wauguzi 1771 wa vituo vya afya vya msingi katika majimbo manne ya wakati ule, ndani yake Maniema, jirani zetu kabisa upande wa Kongolo. Asilimia 31 tu njo walisema wanapata mshahara wa serikali. Asilimia 75 walisema wanapata kitu kutoka malipo ya wagonjwa. Na karibu nusu walikuwa na kazi nyingine pembeni. Tanganyika haikuwa ndani, siwezi kuwaambia kwamba namba zetu ni zilezile. Lakini nionyesheni kituo kimoja cha huku ambapo namba zile zingeshangaza mutu.

Hapo njo penye uzito, na hapo njo naona kitabu cha Kramer kinakosa, halafu kwa namna isiyotarajiwa kinasaidia.

Kinakosa juu anafikiri ukatili unatoka kwa utawala: mkubwa wa idara, saa, makaratasi. Muuguzi yuko upande wa mugonjwa, utawala uko upande mwingine. Kwetu mambo yamegeuka. Kama mshahara haupo, kile muuguzi anakula kinatoka katika sanduku la kituo, na sanduku linajazwa na mugonjwa. Mwisho wa mwezi wanahesabu yaliyoingia, wanatoa ya dawa na ya matumizi, wanagawana yanayobaki. Muuguzi mpya, mwenye hana namba, hana posho la hatari, hana kitu, anapata sehemu ndogo ya mwisho. Sasa mwanamke anafika usiku na mtoto wa moto, hana makuta. Kijana anafanya nini? Shule ilimwambia mutu mbele ya yote. Sanduku linamwambia: kila mutu unayemtibu bure, unapunguza chakula cha wenzako sita, na chako. Hakuna mkubwa mbaya wa kumchukia. Yule anayegombana naye ni mama mwenyewe aliye mbele yake, na mkono unaochoma sindano njo mkono unaopokea falanga.

Rafiki yangu mmoja, muuguzi A1, alifanya mwaka moja na nusu katika kituo kimoja cha mjini. Aliniambia kwamba shuleni hawakumfundisha hata saa moja namna ya kuomba mugonjwa malipo. Wa zamani njo walimfundisha, siku ya pili. «Usiangalie uso, angalia daftari.» Alisema neno lile lilimfaa kuliko masomo yote ya saikolojia, na alisema pia kwamba njo alilolichukia zaidi. Kwa mugonjwa mwenye alishindwa kulipa, walimbakisha kituoni mpaka ndugu walete kitu, na yeye mdogo wa wote njo alipewa kazi ya kuangalia asitoroke. Kubakisha wagonjwa juu ya deni ni desturi inayojulikana katika inchi yetu nzima, si ya kituo kile tu. Lakini ni muuguzi gani wa Marekani wa mwaka 1974 aliyeanza kazi yake kama mlinzi wa gereza?

Hata hivyo, bila Kramer nisingekuwa na neno la kusema jambo hili. Yeye alifundisha kwamba mshtuko si udhaifu wa kijana, ni mgongano wa mifumo miwili ya thamani ndani ya mutu moja. Hilo tulishike. Tubadilishe tu majina ya wanaogongana: kwake ni shule na utawala, kwetu ni shule na sanduku. TFC mwenye ataandika hivyo, atakuwa ameongeza kitu kwa Kramer, pahali pa kumkopi.

Kuna mwingine anayetajwa kila mara pamoja naye: Patricia Benner, naye Mmarekani, kitabu chake ni cha 1984 na kwa kifaransa kinapatikana. Benner anasema muuguzi anapanda ngazi tano, kutoka mgeni wa kazi mpaka bingwa. Mgeni anahitaji kanuni: fanya hiki, halafu hiki. Bingwa anaona hali nzima kwa jicho moja. Katikati kuna yule wa ngazi ya tatu, mwenye uwezo wa kupanga kazi yake, na Benner anasema hapo mutu anafika akiwa amefanya miaka miwili, mitatu katika mazingira yaleyale.

Nilipenda Benner kuliko Kramer, lazima niseme. Anaheshimu kile wauguzi wa zamani wanajua bila kuweza kukieleza. Na bila kujua, anaelezea vizuri kitu cha kwetu: ordinogramu. Kile kitabu cha mishale chenye muuguzi anafuata, kama kuna homa nenda hapa, kama kipimo cha malaria ni chanya nenda pale, njo kanuni kamili za mgeni wa kazi. Mpango wetu wa afya, tangu ulipojengwa juu ya zoni za afya nyuma ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978, ulijua kwamba dokta hatafika kila pahali, kwa hiyo ukampa muuguzi kazi ya kuangalia, kupima na kuandika dawa. Tanganyika tuko na zoni 11. Katika kila zoni, mutu mwenye anaongoza kituo cha afya anaitwa muuguzi titulaire, si dokta. Wananchi wenyewe wamekwisha kukata maneno: wanamwita «dokta» ao «munganga», basi.

Lakini angalia tatizo. Ngazi ya Benner inasimama ndani ya wodi yenye watu wa ngazi zote. Mgeni anauliza, bingwa anajibu. Kwetu mgeni anaweza kupelekwa posti ya afya kijijini, yeye na msaidizi moja mwenye hakusoma uuguzi, na ile siku ya kwanza anakuwa bingwa kwa lazima. Ordinogramu inamwambia toa dawa fulani. Dawa fulani imeisha tangu wiki tatu. Inamwambia peleka mugonjwa hospitali kuu. Mvua imekata njia na pikipiki inaomba falanga ambazo familia haina. Mishale inaishia pale. Kitabu cha mgeni hakina ukurasa wa stoki iliyoisha.

Chukua kolera, ugonjwa tunaoujua hapa kando ya ziwa kama tunavyojua ndagala. Mutu muzima wa kilo 50 amekauka kabisa, macho yameingia ndani, pulsi haipatikani. Kanuni ni wazi: mililita 100 za ringer kwa kila kilo, yaani lita 5, na lita moja na nusu ya kwanza iingie katika nusu saa. Kwa mtoto wa chini ya mwaka moja, wingi kwa kilo ni uleule lakini unapita polepole zaidi, saa nzima kwa sehemu ya kwanza, halafu saa tano. Mwanafunzi mwema anajua hayo kwa kichwa. Sasa mpe wagonjwa wanane kwa usiku moja, taa ya simu, na mshipa wenye hauonekani. Katika staji walikuwa wanafunzi wengi kuzunguka kitanda kimoja, na anayeshika sindano ni yule wa mbele. Wa nyuma aliona migongo ya wenzake. Ameandika ripoti ya staji, amepata 14 juu ya 20, na mshipa wake wa kwanza wa kweli ataupata usiku ule, peke yake.

Sisi waagronome tukikosea, mahindi yanakufa, mkulima anakutukana, msimu mwingine unarudi. Kwa hiyo mimi siwezi kusikia bila kukasirika wale wanaosema wauguzi vijana wa leo «hawana wito». Maneno hayo nayasikia sana, hata kanisani. Mwenye wito anakula nini? Wito uliingia katika mazungumzo yetu pahali penye mshahara ulitoka, na umekaa pale vizuri sana, hakuna mwenye anauliza aliyekuwa anakaa pale mbele yake.

Sasa dawa. Kramer anapendekeza kuandaa kijana mbele: wakiwa bado shuleni, waonyeshwe ukweli wa hospitali kidogo kidogo, kama chanjo, ili ukifika usiwaangushe. Ni wazo zuri na kwa mwagronome si geni. Mche ukitoka kwenye kitalu unapata mshtuko wa kupandikizwa, kila mutu anajua; kwa hiyo wiki ya mwisho tunapunguza maji na kivuli ili uwe mgumu. Lakini tunafanya hivyo tukijua shamba lina udongo. Kama hakuna udongo, kuufanya mche kuwa mgumu ni kuutesa tu mapema.

Njo maana semina nyingi wanazowapa wauguzi vijana hapa zinanichosha. Siku mbili katika saloon ya hoteli, karatasi za rangi ukutani, «namna ya kushinda stress», perdiem, picha ya pamoja. Sisemi stress haipo. Lakini ukimfundisha mutu kupumua vizuri ili avumilie kutolipwa, umemsaidia nani? Kitabu cha Kramer kina sehemu ya kosa hilo, juu kinatafuta dawa ndani ya kichwa cha muuguzi zaidi kuliko ndani ya hospitali. Tangu 2016 tuko na sheria ya Ordre ya wauguzi katika inchi hii. Tunaongea juu ya kujiandikisha na kulipa kotizasyo. Sijasikia sana tukiongea juu ya kanuni rahisi: hakuna mutu anaachwa peke yake na kituo katika miezi yake ya kwanza. Kanuni hiyo haiombi ONG wala hoteli.

Kuna jambo lingine ambalo Kramer ananikwaza, na hapa najua tutabishana. Wale anaowaita «wenyeji», waliotupa ya shule na kufuata ya hospitali, anawaona kama walioshindwa. Hapa kwetu wenyeji hao njo walishika vituo wakati wa vita, wakati watu wanakimbia kati ya Nyunzu na Kalemie, wakati hakuna aliyewalipa. Wanajua mwanamke gani ataficha damu, mzee gani atasema amekunywa dawa na hajakunywa. Yale «mabaya» waliyojifunza, mengine ni hekima ya mutu mwenye amefanya kazi bila vifaa miaka 20. Kijana mwenye anafika na diploma ya A1 na kudharau A2 wa zamani, yeye njo hana akili.

Lakini sitawapaka mafuta tu. Katika hao wa zamani wako wenye wanamtumia kijana kama mfanyakazi wa nyumba: nenda ununue sukari, fanya zamu ya usiku yangu na yako, na ukiuliza kwa nini, «hata sisi tuliteswa». Wako wenye wanaficha maarifa juu wanaogopa kijana atachukua kiti. Na kiti chenyewe kina maana, kwa sababu kugawana sanduku kunafuata kiti. Tena tunarudi kwa makuta! Hata ukali wa wazee juu ya vijana, ukiufuata kwa mizizi, sehemu yake kubwa ni njaa ya watu wawili mbele ya sahani moja. Kramer hakuweza kuona hilo, muuguzi wake mzee hakuwa na sababu ya kuogopa kwamba mpya atakula mshahara wake.

Matokeo tunayaona. Katika promosho ya rafiki yangu, anasema wachache njo wako kitandani kwa wagonjwa leo. Wengine wako na kaduka ka dawa, wengine wanauza krediti, mmoja anapeleka ndagala Lubumbashi na anaendelea vizuri kuliko sisi wote. Kramer angeandika: wameacha uuguzi. Mimi nauliza kama mutu anaweza kuacha kitu ambacho hakikumpokea.

Binamu yangu ameamua kubakisha Kramer katika sura ya nadharia, na ninamkubali. Ila katika maswali atakayowauliza wauguzi wenye chini ya miaka mitatu ya kazi, mbele ya maswali yote ya fungate na mshtuko, ameweka mawili yake mwenyewe. La kwanza: siku yako ya kwanza kazini, nani alikuwa pamoja na weye? La pili: falanga yako ya kwanza ulipata nyuma ya miezi ngapi, na ilitoka mfuko wa nani? Wenye mko vituoni, mkipata karatasi yake, mjibu. Hana haja ya majina, wala ya kituo.